Ya kwetu "imetoka", ya jirani "ameitoa"

Mhariri,

Nimefuatilia barua za wasomaji wenu kuhusu utoaji mimba, na zilizo kali zaidi dhidi ya mabinti wanaotoa zimeandikwa na wanawake wenzangu. Sikushangaa. Nilikuwa muuguzi mkunga mkoani Morogoro kwa miaka 27, na ukali huo naujua, kama ninavyojua unavyoyeyuka saa nane za usiku mlangoni pa wodi.

Tusikilize tunavyosema. Mimba ya binti wa jirani, "ameitoa". Ya binti yangu, "imetoka". Mama mmoja aliyekuwa akiwaita mabinti wa wenzake wauaji kwenye vikao vya vikoba, nilimpokea amemshika mkono binti yake wa kidato cha pili, kanga imelowa damu, ananiambia mtoto kateleza kisimani. Mtoto alikuwa amenyweshwa chai kali ya rangi iliyochanganywa na bluu ya kufulia. Nilimhudumia, akapona. Mama alirudi vikaoni na maneno yake yaleyale.

Simcheki, maana hofu yake ilikuwa na msingi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, inampa miaka 14 anayemtoa mwanamke mimba. Cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 7. Anayeleta dawa au kifaa huku akijua kazi yake, miaka 3. Watu huishia hapo, wahudumu wengine pia. Kifungu cha 230, kinachomlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama, nimekisikia kikitajwa wodini mara chache mno. Halafu kuna Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, tuliyoiridhia mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inaruhusu mimba ya kubakwa au ya maharimu kutolewa hospitali. Wenzetu wa Kenya walikiwekea kipengele hicho pingamizi. Sisi hatukukiwekea, ila Kanuni ya Adhabu tumeiacha vilevile.

Na shule je? Hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule ya serikali, basi. "Dada, tumeuza mpunga wote apate sare na godoro la bweni, tungefanyaje?" Swali hilo nimeulizwa na akina mama wanaosali kila siku. Aliyempa mimba mwanafunzi anastahili miaka 30 jela tangu sheria ya elimu irekebishwe mwaka 2016, lakini kesi nyingi nilizozisikia ziliishia sebuleni, kwa wazee kupatana. Kwenye "ameitoa" na "imetoka" huyo bwana hatajwi kabisa.

Nina ombi moja kwa gazeti lenu. Msichana akikamatwa mnamweka ukurasa wa mbele. Ukurasa huohuo, siku moja, andikeni kwa herufi kubwa kwamba mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, iwe imetoka au ameitoa, ana haki ya kutibiwa, na kwamba muuguzi anayemtibu hafanyi kosa. Waliofia mikononi mwangu walikuwa wamekaa nyumbani siku tatu, nne, na homa, wakiogopa polisi. Na wadogo zangu mlioko wodini, akifika mpimeni presha kwanza, mzuieni damu. La nani kafanya nini liacheni.

Mkunga mstaafu,
Morogoro