Shoga, ile picha ifute

Nkuhungu, Dodoma
Agosti

Shoga yangu Zawadi,

Salamu za huku ni vumbi tu. Upepo wa mwezi huu umeamua kutuhamishia barabara nzima sebuleni. Nafagia asubuhi, ikifika saa sita naweza kuandika jina langu juu ya meza kwa kidole. Watoto wazima. Mama anakusalimu na anauliza zile karanga za Kondoa zinakuja lini.

Sasa niache nikugombeze kidogo. Juzi usiku umenitumia picha ya kitambulisho chako cha NIDA, mbele na nyuma, eti nimpelekee yule kijana wa steshenari akujazie fomu ya mkopo. Sijampelekea, na kwenye simu yangu nimeshaifuta. Wewe nawe kaifute kule kwenye kundi la kikoba, ulikoituma kwa kukosea kabla ya kunitumia mimi. Niliiona. Mle tuko arobaini na kitu, na wengine hata sura zao siwajui.

Najua utasema huna hela, mwizi atakuibia nini. Mimi nami nilikuwa nasema hivyohivyo, mpaka yaliponikuta. Sikuwahi kukusimulia yote kwa sababu niliona aibu.

Mwaka juzi nilitaka laini ya pili kwa ajili ya biashara ya maandazi. Nikakaa chini ya mwamvuli wa wakala mmoja kando ya soko, kijana mchangamfu, ananiita mama kila neno la pili. "Weka kidole, mama." Nikaweka. "Haijasoma, futa jasho, weka tena." Nikafuta kwenye kanga, nikaweka. "Mtandao unasumbua leo, mara ya mwisho." Nikaweka. Wala sikushangaa, maana vidole vya mtu anayeshinda na unga na sabuni ya mche havina mistari ya kujivunia. Nikalipa, nikachukua laini yangu, nikaenda zangu.

Miezi kadhaa baadaye nikapigiwa simu niende kituoni. Namkuta mzee mmoja kakaa kwenye benchi, kofia mapajani. Alikuwa anasubiri ujumbe wa mwenye nyumba ili amlipe kodi, ukaingia ule ujumbe tunaoujua wote, "ile hela itume kwenye namba hii." Akatuma laki moja na themanini. Akaniangalia, akasema taratibu tu, bila hasira, "Dada, mbona jina lililotokea kwenye simu yangu ni lako?"

Zawadi, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe vile vidole nilivyoambiwa havijasoma vilisoma vyote, vikasajili laini nyingine kwa jina langu. Tangu zilipofungwa laini zisizo na alama za vidole mwaka 2020, tapeli hawezi kufanya kazi bila kidole cha mtu. Pesa yangu hakuitaka kabisa. Alitaka jina, akatapelie nalo wenzangu, mimi nibaki wa kuulizwa.

Askari mmoja wa kike ndiye aliyenionyesha: piga *106#, fuata maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nikakuta nne. Zangu ni mbili. Siku mbili nzima nimezimalizia kituoni na kwenye duka la kampuni ya simu, kitambulisho mkononi, mpaka zile mbili zikaondolewa. Maandazi hayakupikwa. Yule mzee sijui kama alipata chochote, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo kabla hujalala leo, piga hiyo *106#. Ukikuta namba usiyoijua, usiipigie kuuliza ni ya nani. Nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho chako. Na zile meseji za "tuma kwenye namba hii" usizifute tu, namba iliyozituma itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, ni bure.

Halafu kuna hili, usicheke. Chukua kitambulisho chako uitazame ile namba yenye tarakimu ishirini. Nane za mwanzo ni nini? Mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa na namba yako ya siri ya kutolea pesa, ambayo uliitaja kwa sauti pale Nanenane tukisubiri basi, kina mama wote wakasikia, si ndiyo huo mwaka wako? Yaani kufuli na ufunguo umevitundika kwenye msumari mmoja. Badilisha. Na mpya usiniambie, hata mimi.

Mkopo sikukatazi, ada ya mtoto naijua ilivyo. Ila ile mikopo ya kwenye simu, kausha damu, inayotaka uiruhusu isome majina yote uliyohifadhi, hapana. Ukichelewa siku moja wanampigia mpaka mkweo. Nenda ofisini kwa hao wa fomu yako ana kwa ana. Uliza nakala ya kitambulisho wanaitakia nini na wataiweka wapi. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022, usione haya kuuliza. Nakala yenyewe ichore mstari wa kukatiza, uandike kwa kalamu "kwa ajili ya mkopo tu" na tarehe. Na ukitoa kopi steshenari, zilizoharibika ondoka nazo. Wiki iliyopita nimenunua karanga za mia mbili, kukunjua ile karatasi nakutana na uso wa mama wa watu, jina, namba na sahihi, vyote vimelowa mafuta. Nimeichoma jikoni.

Njoo Jumamosi tuijaze hiyo fomu wenyewe, kalamu ninayo. Na karanga za mama zitie kwenye kikapu.

Wako,
Hawa