Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Mapipa

Ndugu wanachama,

Salaam. Mwaka jana niliahidi kwamba taarifa yangu ijayo itakuwa fupi, nanyi mkaipigia makofi ahadi hiyo kuliko kazi yote tuliyokuwa tumefanya. Leo siahidi kitu. Yapo ya kusema, na mengi yanahusu mapipa.

Nianze na mepesi. Tulifungua mwaka tukiwa wanachama 14 wa kikundi hiki cha taiko, yaani ngoma za Kijapani. Wamekuja wanne, ameondoka mmoja aliyehamia Texas na mikwiro yetu miwili. Tunamtakia heri na tunaomba mikwiro irudi. Hesabu za fedha ziko kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Mwenye swali amfuate Mhazini, maana tangu tuanze kununua ngozi mimi sijui tena senti inapita wapi.

Sasa mapipa. Taiko ya aina ya nagado, ile yenye tumbo, kwao Japani huchongwa kutoka gogo moja la mti wa keyaki, na gogo hilo huachwa likauke miaka kadhaa kabla ya kuwambwa. Bei yake hatuiwezi. Lakini Wajapani wa hapa California walikwisha kulipatia dawa jambo hili zamani: kikundi cha Kinnara, kilichoanzia mwaka 1969 kwenye hekalu la Kibudha la Senshin, Los Angeles, kilichukua mapipa ya mvinyo yaliyokwisha kazi kikayageuza ngoma. Vikundi vingi vya Marekani vimepita njia hiyo hiyo, nasi mashamba ya mizabibu ya Napa hayako mbali.

Pipa la kwanza lilipoingia gereji ya Katibu, harufu ilitangulia. Mama zetu wa Lamu na Mombasa walisimama mlangoni, mtandio puani, wakauliza swali la haki kabisa: hiki ndicho tutakachokipiga? Mjadala ulichukua jioni nzima, na chai birika tatu. Mwishowe pipa lilipigwa msasa ndani mpaka rangi ya zambarau ikatoka yote, likaoshwa kwa maji ya moto, likaanikwa juani wiki mbili. Mzee wetu mmoja alilifunga jambo kwa kusema kwamba sasa hizi ni mbao, na ngoma hainywewi. Ngozi ni ya ng'ombe. Hilo halikuhitaji kikao.

Kwa ambao hawakuwepo siku ya kuwamba: ngozi ilikuwa imelala majini tangu jana yake, imelegea kama donge la chapati. Tuliitoboa matundu pembeni, tukapitisha vijiti, tukafunga kamba kutoka kwenye vijiti hadi fremu ya mbao iliyo sakafuni, na chini ya pipa tukaweka jeki nne za gari, kila jeki na mtu wake. Unapandisha kidogo, unagonga, unasikiliza. Unapandisha tena. Halafu mtu mmoja anavua viatu na kupanda juu ya ngozi, anaikanyaga taratibu ili ivutike katikati. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa sababu ya uzito, ingawa mlitafuta maneno ya adabu ya kunieleza. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini aliyesema hivyo hakuwa na jeki nne: kila aliyejivutia kwake siku ile alikemewa na wenzake watatu. Sauti ilipokaa sawa, tukapiga misumari ya vichwa vikubwa safu mbili kuzunguka. Ngozi inayobaki chini ya misumari haikatwi yote, ili siku moja iweze kuvutwa upya, na Wajapani huiita mimi, maana yake sikio. Kwa hiyo fundi alipopaza sauti, "Kata, lakini acha mimi," mwanachama mgeni mwenye kisu alibaki ameduwaa.

Tumemaliza ngoma mbili. Pipa la tatu lilipasuka: gundi ilikuwa haijashika mbao mbili, jeki zilipopanda likafunguka lote, na vyuma vyake vikabiringika hadi barabarani. Mimi ndiye niliyesema gundi imekauka.

Mwezi wa tano ukumbi tuliokuwa tukikodi ulitufungia mlango kwa malalamiko ya majirani, tukiwa tumelipa hadi mwezi wa nane. Fedha tulirudishiwa nusu, na barua zetu mbili hazijajibiwa. Sitaki kulirefusha. Tangu hapo mazoezi ya Jumanne yamekuwa kwenye maegesho ya magari, juu ya mataili yaliyozungushiwa selotepu. Taili halilii kama ngoma, ila linakurudishia mkwiro mkononi bila huruma, na sugu za mwaka huu zinatokana nalo. Mnaonisalimia kwa mkono mmekwisha kuziona.

Wengine mmeniuliza mtu wa zamu ya alfajiri kwenye basi la jiji anapata wapi muda wa kutunga. Kwenye taa nyekundu. Taiko hufundishwa kwanza kwa mdomo: pigo kubwa la katikati ni don, mawili ya haraka ni doko, la ukingoni ni ka. Ukiweza kuyatamka, mikono itafuata. Basi kwa miezi minne abiria wangu wamesikia "don doko don, ka ka" kutoka kiti cha dereva. Mama mmoja wa asubuhi sasa ananimalizia.

Kazi yetu mpya ilizaliwa hivyo, na ndiyo iliyotugombanisha zaidi mwaka huu. Ina dakika saba na bado haina jina. Shime, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, inashika mwendo usiokatika. Ndugu yetu wa Bujumbura aliitambua mara moja, akasema hiyo ni kazi ya amashako kwenye ngoma za kwao. Ngoma kubwa inaingia kama vumi, kwa kukawia. Na pale ambapo kikundi cha Kijapani kingegonga kane, yaani kisahani cha shaba, mama yetu wa Tanga anapiga pembe kama kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Siku ya kwanza pembe ilipolia juu ya nagado nilisahau zamu yangu ya kuingia.

Baadhi yenu mlisema tunaharibu asili ya watu. Nimelichukua neno hilo kwa uzito, na jibu langu ni hili. Ngoma zenyewe ni za kale, za mahekalu na mavuno. Lakini kuzipanga nyingi pamoja, kubwa kwa ndogo, kila moja na sehemu yake, kulianza mwaka 1951 huko Nagano na Daihachi Oguchi, mpiga dramu wa jazi. Aliombwa asome maandishi ya zamani ya ngoma ya hekalu la Suwa, akajiuliza kwa nini zisipigwe kwa pamoja kama anavyopiga dramu zake. Mwaka 1968 Seiichi Tanaka aliuleta upigaji huo San Francisco. Kwa hiyo mnachokiita asili kina umri wa babu zetu wengine, na kilianza kwa mtu kuchanganya. Asiyependa pembe aseme hazimpendezi, nitamsikiliza. Ila hoja ya asili nimeikataa, na mnaweza kunipigia kura kwa hilo leo.

Mwezi wa saba hekalu la jirani lilitualika kwenye Obon, siku za kuwakumbuka waliotangulia. Ngoma huwekwa juu ya jukwaa la mbao katikati, watu wanacheza kwa kuzunguka, wazee na watoto. Tulipewa wimbo mmoja tu wa kusindikiza, na tuliupiga haraka mno. Bibi mmoja wa Kijapani mwenye yukata ya bluu, lile vazi lao jepesi la kiangazi, alinyoosha mkono na kuushusha polepole mpaka tukamwelewa. Baadaye mama yetu wa Lamu alisema kwao maiti husomewa hitima, hapigiwi ngoma. Akanyamaza. Kisha akaingia kwenye mzunguko, akacheza hadi taa za karatasi zikazimwa.

Vikoi vya sare vimefika, isipokuwa viwili ambavyo fundi amevikata vifupi. Wenye miguu mifupi wajitokeze. Uchaguzi wa Katibu utafuata baada ya chakula, na mapendekezo ya jina la ile kazi yaandikwe na kutiwa kwenye bakuli lililo karibu na sambusa. Pipa la tatu limegundishwa upya. Ngozi yake italowekwa Ijumaa jioni kwenye beseni langu la kuogea, kwa hiyo Jumamosi nitawahi kufika kuliko wote. Mwenye jeki aje nayo.