Jumamosi: fanksheni upande wa seva

Habari zenu wanakikundi,

Tunakutana Jumamosi saa nne kamili asubuhi, ukumbi ule ule wa mara iliyopita. Mada ni uprogramu wa fanksheni, yaani kuandika programu kwa fanksheni zinazorudisha thamani mpya badala ya kubadilisha data iliyopo, kwenye mifumo ya upande wa seva. Hotuba za nadharia hatuzitaki. Atakayetaja "monadi", ile dhana ngumu ya nadharia ya fanksheni, kabla ya saa sita atabaki kupanga viti.

Tutaanza na tatizo mnalolijua: maombi mawili ya watumiaji yanafika kwenye seva kwa pamoja, yote yanasoma salio lile lile la akaunti, kila moja linakata chake, kisha la mwisho kuandika linafuta kazi ya mwenzake. Data isiyobadilika inasaidia sana ndani ya programu, ila kwenye hifadhidata bado unahitaji muamala, yaani hatua kadhaa zinazokamilika zote kwa pamoja au isikamilike hata moja. Msidanganywe na wanaosema fanksheni inatibu kila kitu.

Baadaye tutaigusa Erlang, lugha ya programu iliyozaliwa kwenye kampuni ya Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Michakato yake midogo haigawani kumbukumbu, inatumiana ujumbe tu. Mmoja ukianguka, msimamizi wake (mchakato mwingine unaoulinda) anauwasha upya na mingine inaendelea. Seva za WhatsApp zilijengwa kwa lugha hiyo.

Mazoezi tutafanya kwa Elixir, lugha inayoendeshwa juu ya mfumo wa Erlang. Tafadhali njooni mkiwa mmeshaisakinisha kwenye kompyuta zenu, maana mara iliyopita tulipoteza karibu saa nzima tukisubiri vipakuliwa. Mnaotumia lugha za Java na Go, njooni, tunahitaji wabishi.

Anayekuja ajibu hapa kabla ya Alhamisi usiku nijue idadi ya viti.