Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Vikundi vya Akina Mama: Hisa ya Uzee Itengwe Kabla ya Kugawana

Kwenu wenyeviti, makatibu na watunza hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama jijini Tanga, mnaokutana Makorora, Ngamiani na Chumbageni, nanyi mnaowaongoza wakaanga samaki wa Deep Sea na wauza mboga wa soko la Mgandini. Wanangu na wadogo zangu, nawasalimu kwa upendo.

Nawaandikia sasa kwa sababu miezi ya kugawana akiba ya mwaka imekaribia, na siku ile ikishapita hakuna anayebaki na subira ya kulizungumza jambo hili. Nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu, na pensheni yangu, ingawa si kubwa, inaingia benki kila mwezi bila mimi kumwomba mtu. Wanawake niliokuwa nikiwatembelea kazini, waliofanya kazi ngumu kuliko yangu na kwa saa nyingi kuliko zangu, hawana kitu hicho. Ombi langu kwenu ni moja: katika kila kikundi mnachokiongoza itengwe hisa ya uzee, yaani sehemu ya akiba ya kila mwanachama kwa ajili ya uzee wake, siku ya kugawana, kabla fedha haijatoka mkutanoni, na iwekwe mahali penye jina la mwanamke mwenyewe.

Wengi wetu tumezoea kuona kwamba kustaafu ni jambo la mwalimu, askari na karani. Mama lishe hapewi barua ya kustaafu, lakini anastaafu. Anastaafishwa na magoti, na macho yaliyochoshwa na moshi wa kuni, na asubuhi ile ambayo hawezi tena kuinua sufuria ya wali peke yake. Mkimuuliza leo atawaambia kwamba watoto ndio akiba yake, na msimbeze kwa jibu hilo, kwani amewalea kwa jasho na ana haki ya kutunzwa. Mkumbusheni tu, kwa upole, kwamba kijana anayeendesha bodaboda na kulipa kodi ya chumba, mwenye watoto wake watatu, siku mama anapougua hulazimika kuchagua kati ya ada na dawa, na si haki kumweka mtoto mwema kwenye uchaguzi huo ikiwa ungeweza kuepukwa.

Wenzetu wa Zanzibar wana Pensheni Jamii tangu Aprili 2016, ambapo mzee aliyefikisha miaka 70 alianza kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho baadaye kilipandishwa hadi 50,000. Ni jambo la heshima kubwa, na natamani kuliona huku Bara nikiwa hai. Kwa sasa huku kwetu hakuna pensheni ya wazee wote, na ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, huzilenga kaya maskini zilizotambuliwa, kwa hiyo mama anayejimudu leo kwa biashara ndogo asipange uzee wake kwa kuitegemea.

Itazameni siku ya kugawana kama mnavyoijua. Sanduku linawekwa katikati ya mkeka, wenye funguo wanaitwa mmoja mmoja, kufuli tatu zinafunguliwa, daftari linasomwa, na kila mwanachama anatajiwa hisa zake mbele ya wenzake. Yule aliyenunua hisa kila wiki kwa mwaka mzima anapokea noti zilizofungwa kwa mpira, anazihesabu mara mbili, anazifunga kwenye pindo la khanga na kulisokomeza kiunoni. Hapo ni saa nane mchana. Kabla ya magharibi mume ameshajua, duka analodaiwa limeshamtuma mtoto, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na sare za Januari zinasubiri. Sisemi kwamba matumizi hayo ni ya kipuuzi, maana kila moja lina haki yake. Ninalosema ni kwamba fedha ile ikishavuka mlango wa mkutano haimo tena mikononi mwake peke yake, na uzee, ambao haudai kwa sauti, hupewa masalio, na masalio hayapo. Mahali pekee ambapo mwanamke huyu ana kauli kamili juu ya fedha yake, akiwa na mashahidi na daftari mbele yake, ni pale kwenye mkeka. Basi uamuzi ufanyike pale pale.

Baadhi yenu mtasema fedha hiyo ibaki sandukuni mwaka hadi mwaka. Sikubaliani na hilo. Utaratibu wa vikundi hivi, ulioanzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991 kabla ya kuenea katika nchi nyingi za Afrika, ulipangwa kwa mzunguko mfupi, na nguvu yake iko hapo: fedha hugawanywa kabla haijawa nyingi kiasi cha kumtamanisha mtu au kuwagombanisha wanachama. Akiba inayotakiwa kukaa miaka 15 haifai kulala katika sanduku la kikundi ambacho viongozi wake watabadilika, baadhi watahama, na wengine Mungu atawachukua. Hata kikundi kilichosajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka bado ni cha kuweka na kukopa, nacho si mfuko wa pensheni.

Kwa wanachama walio chini ya miaka 45, ushauri wangu ni kujiunga na NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Tangu mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018, watumishi wa umma wako kwenye mfuko wao wa PSSSF, na NSSF imebaki na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri wenyewe, wakiwemo mama lishe na wachuuzi. Pensheni ya kila mwezi hupatikana kwa aliyechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu ni miaka 60, au 55 kwa hiari. Fanyeni hesabu hii ubaoni mbele ya wanachama: anayeanza akiwa na miaka 45 na asikose mwezi hata mmoja anatimiza miezi yake akiwa na miaka 60, anayeanza akiwa na 50 hafikii kwa umri huo. Akifika umri huo na miezi pungufu atalipwa fedha zake kwa mkupuo, na mkupuo, kama tulivyoona kwenye mkeka, una wadai wengi. Kwa hiyo mwambieni binti wa miaka 30 kwamba kitu chenye thamani kubwa alicho nacho katika jambo hili ni miaka yake. Shilingi 1,000 kwa siku ni 30,000 kwa mwezi, na kwa miezi 180 ni 5,400,000, kabla ya kuhesabu chochote kitakachoongezwa na mfuko. Kwa kuwa biashara zetu zina misimu, na samaki huadimika pepo zinapovuma, ile hisa ya uzee iliyotengwa siku ya kugawana ndiyo itakayolipia miezi ambayo mfuko wa khanga ulikuwa mtupu.

Aliyevuka miaka 50 naye asiachwe nje. Anaweza kununua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo, vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, kampuni ya serikali ambayo Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005. Vipande hivyo hununuliwa kidogo kidogo, na thamani yake yaweza kupanda au kushuka, jambo ambalo lazima aelezwe wazi kabla hajatoa senti. Mwingine atafanya vizuri zaidi akimalizia chumba kimoja cha kupangisha. Lakini chumba kinanileta kwenye jambo linaloniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Nimewaona wanawake waliojenga nyumba kwa fedha za vitumbua, tofali kwa tofali, wakatolewa humo baada ya arobaini ya marehemu kwa sababu karatasi ya kiwanja ilikuwa na jina la mume au la shemeji. Mama aliyeolewa kwa ndoa ya Kiislamu, mumewe akifariki na kuacha watoto, fungu lake ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na wakiwa wake wawili wanagawana thumuni hiyo hiyo. Nyumba ya milioni 16 ikihesabiwa yote kuwa mali ya marehemu, yeye ana milioni mbili, au milioni moja akiwa na mke mwenza, hata kama nusu ya tofali alizinunua yeye. Kwa wanaofuata mila, Tamko la Sheria za Mila la 1963 halimpi mjane fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na linamwachia kutunzwa na watoto wake. Sibishani na dini ya mtu, wala fungu alilolipanga Mwenyezi Mungu. Ninachowaombea ni kwamba kile alichokichuma mwanamke mwenyewe kiandikwe jina lake tangu siku ya kwanza, ili kisije kikahesabiwa katika mirathi ya mtu mwingine. Sheria inamruhusu: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kiwanja kinaweza kuandikwa majina ya wote wawili.

Kwa aliyeachika kuna njia nyingine. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuichuma mali hiyo. Kila mwanachama wenu alijue shauri hilo. Hata hivyo, risiti za saruji na mabati zenye jina lake zitamsaidia zaidi barazani kuliko maneno, kwa hiyo azitunze pamoja na cheti cha ndoa, na ikiwezekana nakala zikae kwa mtu anayemwamini nje ya nyumba ile.

Sasa nasema nanyi viongozi kuhusu mwenendo wenu. Wengi wa wanachama hawa hawakusoma, na watawapa simu zao muwalipie. Msishike namba ya siri ya mwanachama, hata akiwasihi. Kaeni naye, msomeeni ujumbe, mwacheni abonyeze mwenyewe, na mwaka mara moja mwende naye dirishani NSSF akaombe taarifa ya michango yake, aone kama miezi aliyolipa imeandikwa yote. Mwulizeni pia majina ya warithi aliyoyajaza, maana kuna aliyejaza miaka mingi iliyopita jina la mtu waliyekwisha kuachana.

Mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, ile iitwayo kausha damu, ni adui wa moja kwa moja wa akiba hii. Mwanachama anayelipa rejesho kila jioni kwa riba ya namna ile hawezi kutenga chochote, na kumhimiza achangie uzee kabla hajatoka humo ni kumtesa. Mtoeni kwanza humo kwa mkopo wa kikundi. Kwa mtaji, mwandaeni kikundi kiombe mkopo wa halmashauri usio na riba, kwani katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa, asilimia nne ni ya wanawake.

Na ninyi wenyewe, baadhi yenu mmewaajiri mabinti wa kazi majumbani ili mpate nafasi ya kuongoza vikundi. Binti huyo ni mwajiriwa, na mchango wake NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo kwa kawaida nusu yake hulipwa na mwajiri. Anzeni na yeye, kabla hamjasimama mbele ya wengine.

Mkutano unaotangulia siku ya kugawana uwe na ajenda ya kurekebisha katiba, ili kiwango cha hisa ya uzee kipigiwe kura na wanachama wenyewe. Mwalikeni afisa wa NSSF aje na fomu, na aulizwe kiwango cha chini cha mchango kilichopo wakati huo. Kila mwanachama aje na kitambulisho chake cha NIDA na simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, isiwe ya mume wala ya mtoto. Asiye na kitambulisho asindikizwe wiki hiyo hiyo akakifuatilie. Wakinihitaji kuja kuwasomea fomu wale wasioona vizuri, nipo nyumbani Makorora, na nitakuja.

Mama yenu,
Afisa maendeleo ya jamii mstaafu, Tanga