Risala ya Wanakikundi Wafyatua Matofali kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mheshimiwa Sheha, masheikh, walimu, wazee wetu na wanakikundi wenzangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima tukakutana leo kulifungua banda letu la kufyatulia matofali ya saruji iliyochanganywa na makaa. Nawe mgeni rasmi tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye vumbi hili.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kila anayejenga Pemba anaijua habari ya saruji. Inavuka bahari, na gharama ya kuvuka inalipwa na mnunuzi. Mchanga nao umekuwa wa kibali, na sisi hatulalamiki, maana mashimo yaliyoachwa mashambani kila mtu anayaona. Lakini liko jengine lisiloonekana. Ili ipatikane saruji, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe lenyewe likiungua hutoa hewa ukaa, ile inayoipasha joto dunia na kuipandisha bahari, mbali na ile ya moto unaolichoma. Inakadiriwa kuwa saruji peke yake inatoa kiasi cha asilimia 8 ya hewa ukaa yote itokanayo na shughuli za binadamu duniani. Sisi ambao maji ya chumvi yanatuingilia mabonde ya mpunga hatuwezi kusema hayo ni ya wenyewe.

Huku kwetu nazi zinafuliwa kila siku. Makumbi na vifuu vinarundikwa, vinateka maji ya mvua na kulea mbu. Makapi ya mpunga yanatiwa moto pembezoni mwa mashine. Hizo taka ndizo tunazozigeuza kuwa bayochari, yaani makaa ya mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa kunyimwa hewa, tukayachanganya na saruji ya matofali ili saruji itumike kidogo.

Tunapakia vifuu vikavu kwenye pipa la chuma, tunawasha kwa juu, kisha tunafunika na kuacha matundu machache. Moshi wa mwanzo ni mweupe na mzito. Huo ni unyevu unatoka. Baadaye unakuwa wa manjano, unawasha macho. Ukishakuwa mwembamba wa kuelekea samawati, fundi wetu wa moto, mama wa makamo asiyependa kuharakishwa, anaziba kila tundu kwa udongo. Akichelewa, tunazoa majivu. Yakishapoa, makaa yanaloweshwa ili vumbi lisituingie kifuani, ndipo yanatwangwa na kuchekechwa.

Humo ndani ya makaa mna vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinashika maji na kuyaachia kidogo kidogo wakati saruji inakaza, jambo lenye faida kubwa kwa jua letu hili. Ndiyo maana hatuyatii makavu: yakiwa makavu yatayanywa maji ya saruji yenyewe. Na ile kaboni ambayo mnazi uliivuta kutoka hewani, badala ya kurudi huko kwa kuoza au kuungua, inabaki ukutani kwa mamia ya miaka. Tani moja ya bayochari nzuri inazuia hewa ukaa baina ya tani 2 na 3.

Kipimo chetu ni kilo 1 hadi 2 na nusu za makaa kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Wapo wanaotushauri tuzidishe ili tuokoe saruji zaidi. Hao tunawakatalia, kwa sababu makaa yakizidi tofali linapungua nguvu, na nyumba haijaribiwi kwa kuanguka.

Tunakataa pia makumbi yaliyofukiwa pwani na mama zetu wa usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Yamejaa chumvi, na chumvi inakula nondo. Wala hatukati mti, seuze mkoko, kwa ajili ya bayochari. Ukikata mti ili uokoe hewa, hesabu inakupinga.

Tumeanza pia kuichanganya na chokaa kwa ajili ya kupiga lipu. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, pale Pujini ni shahidi. Ukuta wa namna hiyo unahitaji kupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unafungika ndani na chokaa inamong'onyoka. Lipu ya chokaa yenye makaa inaupokea unyevu na kuuachia. Mafundi wa nyumba za kale, kwa maoni yetu, wangeitazama kwa makini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukuandaa orodha ndefu ya maombi. La kwanza na kubwa ni kupimwa. Tunaomba utusaidie kuyafikisha matofali yetu kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi, yavunjwe kwa mashine yakiwa na siku 7 na yakiwa na siku 28, tupewe majibu kwa maandishi. Mpaka hapo tutaendelea kuyauza kwa kuta za uwanja na njia za miguu tu. Anayetaka kupandishia ghorofa tunamwambia asubiri. La pili ni pipa kubwa linalochoma moshi wake wenyewe, maana majirani wametuvumilia vya kutosha. La tatu, wenye mashine za mpunga wahimizwe kutuwekea makapi, badala ya kuyatia moto.

Matofali ya majaribio yamepangwa pale nyuma, chini ya makuti, bado yanamwagiliwa maji. Tunakuomba baada ya risala hii upite uyanyanyue kwa mkono wako, lenye makaa na lisilo na makaa, ulinganishe uzito.

Naomba kuwasilisha.