Lengo la mazoezi liwe la mtoto mwenyewe

Mhariri,

Mwanzoni mwa muhula huu mjukuu wangu, aliye Gredi ya 5 katika shule moja ya hapa Eastlands, alirudi nyumbani na karatasi iliyoagiza kila mwanafunzi azunguke uwanja mara 10 kila asubuhi kabla ya gwaride. Niliisoma kwa furaha, kwa kuwa nimefundisha shule za msingi jijini Nairobi kwa miaka mingi na ni nadra kuona shule ikijiwekea lengo la mazoezi. Malengo tuliyoyazoea ni ya alama za mtihani. Furaha hiyo haikumaliza wiki mbili. Ijumaa ya pili watoto ambao hawakuwa wakifikisha mizunguko 10 waliitwa wakasimama mbele ya wenzao, na mjukuu wangu, ambaye kifua humbana kila kunapoingia baridi, alikuwa mmoja wao. Tangu hapo, asubuhi za mazoezi huamka akilalamika kwamba tumbo linamwuma.

Shule hiyo sina ugomvi nayo, na nia yake ilikuwa njema kuliko ya nyingi ninazozifahamu. Ninachotaka kusema ni kwamba kumwekea mtoto lengo ni dawa iliyo na kipimo chake, na kipimo hicho tunakikosea.

Haja yenyewe haina ubishi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi au michezo inayowafanya waheme kwa kasi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa shirika hilo walionyesha kwamba duniani kote vijana 81 kati ya kila 100 wa miaka 11 hadi 17 walikuwa hawafikii kiasi hicho, na wasichana walikuwa nyuma ya wavulana, 85 kwa 78. Anayeishi Nairobi hahitaji kuelezwa sababu. Mtoto huchukuliwa na basi la shule kukiwa bado giza, huketi ndani ya basi, huketi darasani, huketi tena katika msongamano wa Jogoo Road jioni, na akifika nyumbani hukuta kwamba ua wa ploti umejaa magari na bawabu hataki kusikia habari ya mpira. Michezo ya watoto kama kati, bladda na brikicho, ambayo sisi tuliicheza hadi mama akaja na kiboko kututafuta, haina tena mahali pa kuchezewa.

Wataalamu wawili wa saikolojia, Edwin Locke na Gary Latham, wamechunguza jambo hili la malengo kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1960. Matokeo yao makuu ni kwamba mtu aliyepewa lengo mahususi, tena gumu kidogo, hufanya vizuri zaidi kuliko yule aliyeambiwa tu, “Jitahidi uwezavyo.” Hapo ndipo sisi walimu na wazazi tunaponaswa, kwa sababu hiyo ndiyo kauli yetu ya kila siku, na mtoto akishaisikia hajui aanzie wapi wala atajuaje kwamba amefika. Lakini wataalamu hao hao waliweka masharti, na masharti ndiyo ambayo karatasi ya shule iliyaruka: mhusika awe amelikubali lengo kwa moyo wake, awe na uwezo wa kulifikia, na aonyeshwe mara kwa mara amefika wapi. Isitoshe, waligundua kwamba mtu anapokuwa mgeni katika kazi, ni afadhali lengo lake liwe kujifunza namna ya kuifanya kuliko kufikisha idadi fulani. Mtoto ambaye hajawahi kukimbia mizunguko miwili bila kusimama anahitaji kwanza kujifunza kwenda mwendo wa polepole asiishiwe na pumzi. Mizunguko 10 itamngoja.

Niruhusu nieleze nilivyofanya mimi nilipokuwa bado kazini. Muhula mmoja niliwagawia wanafunzi wa darasa la tano kamba za katani, wakaruka wawili wawili, mmoja akiruka kwa dakika moja na mwenzake akihesabu, nami nikiwa na saa yangu ya mkononi. Kila mmoja aliandika idadi yake nyuma ya daftari, kisha akaandika idadi ambayo angependa kuifikia baada ya wiki mbili. Wengi waliandika 100, na mmoja akaandika 1,000. Huyo nilimwomba ajaribu kwanza kuhesabu tu hadi 1,000 kwa dakika moja, bila kamba. Kazi ya mwalimu ilikuwa hapo hasa, kukaa na mtoto aliyeruka mara 22 na kumwuliza kama 30 haingemtosha kwa kuanzia. Mvulana hodari wa mpira alianza na 70 akajipangia 85, na msichana ambaye vipindi vyote vya michezo huvimalizia chini ya mjakaranda alianza na 14 akajipangia 20. Wote wawili walikuwa na kazi ya kutosha, na hapakuwa na sababu ya yeyote kuulizia nafasi yake darasani. Baada ya wiki mbili yule wa 14 aliruka mara 31, akaniomba kamba aende nayo kwao.

Sitaki kudai kwamba mambo yalikuwa hivyo hadi mwisho. Wiki ya tano nilibanwa na kusahihisha mitihani, nikaacha kuyapitia madaftari siku za Ijumaa, na kufikia wiki ya saba nusu ya watoto walikuwa wameacha kuandika. Lile pitio la Ijumaa, ambalo halikuchukua hata dakika 15 kwa darasa zima, ndilo lililokuwa likiwabeba.

Kuhusu idadi, nawasihi wazazi wanaowanunulia watoto saa za kuhesabu hatua wasiwalazimishe kufikia hatua 10,000 kana kwamba zimeandikwa katika Katiba. Idadi hiyo ilienezwa na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake, manpo-kei, lina maana ya kipimo cha hatua 10,000. Lilikuwa jina zuri la biashara. Halikutokana na kupimwa kwa watoto.

Na mtoto asipofikia lengo? Eliud Kipchoge alipojaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili huko Monza, Italia, mwezi Mei 2017, alimaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Hakuna aliyemsimamisha mbele ya gwaride. Alirudi mazoezini, na Oktoba 2019 akamaliza mbio za Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mtoto wa miaka 10 anastahili angalau ungwana huo.

Yote haya hayana maana iwapo kipindi chenyewe cha michezo kitaendelea kugeuzwa kuwa cha marudio ya hisabati, kama inavyofanyika waziwazi katika madarasa ya Gredi ya 6 mtihani wa KPSEA, ule wa kitaifa wa mwisho wa shule ya msingi, unapokaribia. Wala hayatawafaa wasichana wa madarasa ya juu wanaokaa kando kwa sababu wanaona haya kuruka wakiwa wamevaa sketi za sare. Hao waruhusiwe kuja na suruali za michezo siku hiyo, na wengi watasimama wenyewe.

Katika mkutano ujao wa wazazi nitamwomba mwalimu mkuu wa shule ya mjukuu wangu mambo mawili: ile karatasi ya mizunguko 10 iondolewe ubaoni, na kila mtoto apewe ukurasa mmoja wa daftari wa kuandika lengo lake Jumatatu na kulikagua na mwalimu Ijumaa. Mjukuu wangu tayari ameuandika wake. Wiki hii amejipangia mizunguko mitatu ya mwendo wa polepole, kwa siku nne.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi