Hakumkana mama yake

Mhariri,

Miaka 19 nasoma gazeti lako sijawahi kuandika neno. Imenibidi leo, kwa ile habari yenu "Kichaa amkana mama mzazi", na picha ya kijana wa watu kafungwa kamba ya katani, uso wazi.

Mdogo wangu alianza hivyo hivyo mwaka 2014. Asubuhi moja mama alimpelekea uji, akausukuma. "Mama yangu umempeleka wapi?" Mama akamwonyesha kovu la moto mkononi, analolijua tangu utoto wake. Akajibu, "Hata hilo umeliiga." Siku ya tatu mama alipiga simu akiwa kwa jirani, nikampa mdogo wangu aongee naye. Aliposikia sauti aliangua kilio: "Mama rudi, kuna mwanamke humu ndani anavaa khanga zako!" Huyo ndiye mnayesema kamkana mama? Alikuwa anamtafuta! Usiku halali, kakaa mlangoni na mwiko wa ugali, anamlinda baba na yule mgeni. Sisi wengine alituona tumehongwa; mtoto wa kweli wa nyumba ile kabaki yeye peke yake. Na kila tulipombishia alizidi kuamini kwamba tumepangwa.

Hali hiyo, ya kuamini kwamba mtu wako wa karibu amebadilishwa na mgeni anayefanana naye, inaitwa Capgras, jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1923. Mwandishi wenu angeuliza hospitali ya akili ya Mirembe, angeelezwa. Yeye akamhoji muuza chipsi, akaambiwa "karogwa", akaandika.

Hilo la kurogwa nasi lilitula miezi 7 na mbuzi wawili. Hospitali ndiko alikopata nafuu, polepole, kwa sindano ya kila mwezi. Lakini nenda zahanati ya kwetu: dawa imekwisha, kanunueni nje. Mwezi ukipita bila sindano, mama anaanza tena kutazamwa kwa jicho lile. Dawa ya presha ikikosekana mnatoa ukurasa mzima. Hii ya kwetu mmeiandika lini?

Naomba mwandishi yule aende kliniki ya afya ya akili, akae kwenye benchi na akina mama kuanzia saa 1 asubuhi mpaka wa mwisho aitwe, kamera aiache ofisini. Awaulize wana wao wanaamini nini, na wanamwogopa nani. Aandike hayo.

Na ile picha iondoeni mtandaoni leo. Kijana akipata nafuu ataiona. Mama yake ameshaiona.

Dada wa mgonjwa,
Morogoro